Uzi: Mteja amejitengenezea bango kwa simu. Nijifunze upya au nikaze hapa hapa?

#1 Kalamu ya Kondele, Kisumu

Wadau, habari za jioni.

Kibanda changu kiko Kondele, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tangu 2009 nimekula kwa CorelDRAW, programu ya kuchorea kwenye kompyuta: mabango ya krusedi, vijitabu vya mazishi, kadi za harusi, vitabu vya risiti. Ijumaa iliyopita akaingia mama mmoja wa kwaya, mteja wangu wa miaka sita, simu mkononi. "Mwanangu, leo sikusumbui na kuchora. Nimechora mwenyewe, wewe nichapie tu."

Alikuwa ametumia Canva, programu ya kujitengenezea mabango hata kwa simu. Nikalipakua faili kwenye kompyuta, nikalikuza nikitafuta kosa. Picha ya mhubiri imekatwa vizuri mpaka kwenye masikio. Kichwa kinasomeka ukiwa mlangoni. Nafasi ya pembeni imeachwa. Makosa yalikuwepo, lakini si ya kumfanya mtu akose kuja krusedi. Nikamtoza karatasi na wino. Kazi ya 800 ikaniachia 150.

Vijana wote ninaowauliza wananiambia nihamie kubuni programu za simu na tovuti, huko kwa Figma, programu ya kuchorea skrini hizo. Nina miaka 41, watoto watatu, na kompyuta ya mapajani yenye RAM ya GB 4. Naomba walioipita njia hii waseme: mnahama, au mnakaza mlipo?

#2 Pikseli 58, Nakuru

Hama, kaka. Mimi nilikuwa nachora vipeperushi vya hoteli hapa Section 58, nikahama 2019. Figma inafunguka ndani ya kivinjari, huhitaji mashine kubwa, GB 4 itakusumbua lakini utaanza. Na huo ndio upepo ulipo. Adobe wenyewe, wale wa Photoshop, waliona, wakainunua Figma 2022 kwa dola bilioni 20. Mkubwa akinunua kitu kwa bei hiyo, wewe unangoja nini?

#3 Mulembe Fonti, Kakamega

Mulembe wote. Pikseli, hapo umeteleza. Adobe walitangaza kuinunua Septemba 2022, lakini ununuzi haukukamilika. Wasimamizi wa ushindani wa Uingereza na Umoja wa Ulaya waliweka ngumu, na Desemba 2023 wakaachana. Adobe walilipa dola bilioni 1 kwa kuvunjika kwa mpango ule. Katikati ya hayo yote XD, programu yao wenyewe ya kazi hiyo, ikaachwa bila kuongezewa kitu kipya. Nina rafiki aliyekuwa ametumia mwaka mzima kuisoma.

Kwa hiyo mimi simwambii Kalamu ahamie Figma. Namwambia asiolewe na programu yoyote. Mwaka 2006 chuoni tulifundishwa PageMaker, programu ya kupanga kurasa, ambayo toleo lake la mwisho lilitoka 2001. Yaani tulifanya mtihani wa kitu ambacho wenyewe walishakiacha. Baadaye nikajifunza Flash, ya kutengeneza michoro inayosogea kwenye tovuti, nikatengenezea shule moja tovuti yenye lango linalofunguka lenyewe na kengele inayolia. Mwalimu mkuu aliipenda sana. Kisha wazazi wakaanza kuingia kwa simu, wakawa wanaona mraba mweupe tu. Flash ilikufa 2010 na mimi nikabaki na faili za lango.

#4 Wino Mweusi, Bungoma

Ukisahihisha wenzako nawe kubali kusahihishwa. 2010 ni mwaka ambao Steve Jobs, bosi wa Apple, aliandika barua ya wazi kueleza kwa nini iPhone haitaipokea Flash. Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Miaka kumi nzima katikati! Watu wamelipia karo kwa Flash ndani ya miaka hiyo kumi. Kitu hakifi siku moja, na ndiyo maana mtu hajui lini ahame.

#5 Mulembe Fonti, Kakamega

Asante Wino, ni kweli. Nilichanganya barua na mazishi.

#6 Brashi Kavu, Nakuru

Huwa nasoma kimya. Hii imenigusa, niruhusuni niandike marefu.

Nilianza kuandika vibao kwa brashi Nakuru mwaka 1988. Kuta za maduka, milango ya malori, ubao wa bei hotelini. Unachukua uzi, unaupaka chaki, mwenzako anashika huku na wewe huku, mnaukaza, unauvuta kwa vidole viwili na kuuachia. Paa! Mstari umelala ukutani umenyooka. Mkono wa kulia unaegemea fimbo yenye kitambaa kichwani ili usiguse rangi mbichi. Herufi O unaipitisha mstari kidogo juu na kidogo chini, la sivyo itaonekana ndogo kuliko jirani zake. A na V zikikaa pamoja zinaacha pengo, unazisogeza. Hakuna aliyetuandikia hayo popote. Fundi wangu alikuwa akifuta herufi nzima kwa mafuta ya taa mbele ya mteja na kusema rudia.

Mashine za kuchapa mabango makubwa zilipofika mjini, kazi yangu ya wiki ikawa ya saa moja. Nilikaa karibu miezi minane bila ukuta hata mmoja. Nilikasirika na mashine, nikakasirika na wateja, nikauza baiskeli. Mwishowe nikaenda kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kukata stika, nikamwomba nikae tu nione. Siku ya tatu alikuwa anaandika jina la saluni, nikamwambia sogeza hiyo V. Akasogeza. Akaniuliza, mzee umejuaje? Nikamwambia angalia mwanga ulio kati ya herufi, usiangalie herufi. Siku hiyo akanilipa. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na moja.

Kalamu mwanangu, wewe si CorelDRAW. Jicho lako ndilo ulilochonga miaka yote hiyo.

#7 Pikseli 58, Nakuru

Mzee Brashi, shikamoo. Umenifanya nifungue nembo niliyomaliza jana. Ina A na V. Naisogeza sasa hivi.

#8 Wino Mweusi, Bungoma

Mzee, kwa heshima zote, hiyo ni bahati yako. Waandishi wa vibao niliowajua Bungoma walikuwa na jicho kama lako, na wengine zaidi. Mmoja analima miwa, mmoja yuko boda. Jicho halikuwasaidia. Walikosa kijana wa kuwapokea na walikosa pesa ya mashine.

Tuseme ukweli: hili ni jambo la mfuko. Mpaka CS6, toleo la Adobe la 2012, ungeweza kununua programu ukaimiliki. Mei 2013 Adobe wakatangaza kwamba matoleo mapya yatakuwa ya kulipia kila mwezi. Mtu wa Kondele anayelipwa 150 atalipaje kwa dola kila mwezi? Ndiyo maana nusu ya mitaa yetu inatumia programu zilizovunjwa kufuli, ambazo hazisasishwi, halafu tunamwambia mtu huyo huyo "endana na mabadiliko". Ataendana nayo kwa miguu ipi?

Njia zipo. Inkscape ya kuchora na GIMP ya kurekebisha picha ni za bure miaka yote. Affinity, nayo ya kubuni, ilinunuliwa na Canva Machi 2024, na Oktoba 2025 ikafanywa ya bure. Kalamu, anza na hizo uwe halali kwanza.

#9 Nyar Ahero, Kisumu

Nina swali kwa Kalamu kabla hamjamjengea maisha mapya. Mara ya mwisho ulipomchorea huyo mama, alingoja siku ngapi?

#10 Kalamu ya Kondele, Kisumu

Mzee Brashi, nimekusoma mara mbili. Asante sana.

Nyar Ahero, alingoja siku nne. Umeme ulipotea, halafu akabadilisha jina la mhubiri, halafu akabadilisha tena. Ya mwisho nilimwambia mabadiliko yanatosha.

#11 Nyar Ahero, Kisumu

Basi hapo ndipo pa kuangalia, omera. Mama hakukimbia Corel wala bei. Alikimbia kungoja. Canva ilianza 2013 kule Australia kwa sababu waanzilishi wake waliona watu wa kawaida wanashindwa na programu za mafundi. Mama wa kwaya ndiye waliyemjengea, hata kama hawakumjua.

Yangu ni hii. Mei 2022 mkutano wa miji ya Afrika, Africities, ulipokuja Kisumu, mji mzima ulikuwa unataka mabango na fulana kwa wakati mmoja. Nilipewa fulana 50 za kikundi kimoja, rangi yao buluu. Kwenye skrini ilikuwa buluu ya ziwa asubuhi. Zilipotoka zilikuwa zambarau. Zambarau kabisa, kama sare ya kikundi kingine. Niliketi kwenye maboksi nikalia. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine inatengeneza kwa wino wa sayani, majenta, manjano na nyeusi. Ile buluu kali ya skrini wino hauifikii, na majenta ikikaribiana na sayani unapata zambarau. Nilichapa upya kwa pesa yangu.

Sasa mama wa kwaya ana simu nzuri na jicho zuri, lakini hilo hajui. Anayemchapia ndiye anayejua. Mimi nilihamia huko: sichori sana siku hizi, natayarisha faili za waliochora wenyewe. Picha ndogo zinazopasuka, milimita 3 za ukingo wa kukata ambazo hawaachi, rangi. Nalipwa, na nalala.

#12 Pikseli 58, Nakuru

Dada, pole kwa fulana. Lakini hiyo kazi ya kutayarisha faili itadumu miaka mingapi? Programu zitajifunza kufanya hata hilo. Sisi wa jiji tunaangalia mbele.

#13 Nyar Ahero, Kisumu

Jiji? Mlipata hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kisumu ni jiji tangu 2001. Kaeni kwanza mzoee taa.

#14 Pikseli 58, Nakuru

Haha, hapo nimepigwa. Lakini hati hiyo ilinilipa! Wiki ile wateja watatu walitaka kubadilisha barua na vibao viseme jiji.

#15 Mulembe Fonti, Kakamega

Serikali ikibadilisha jina dizaina anakula. 2013 kaunti 47 zilipoanza, kila ofisi ilitaka nembo, kadi na mihuri. Hakuna aliyesema anaogopa mabadiliko mwaka ule.

#16 Skrini ya Busia

Naingilia kidogo. Mimi ni wa kuchapa kwa skrini, ile ya fremu na kitambaa. Kazi yangu kubwa ilikuwa mifuko ya plastiki ya maduka. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ikapigwa marufuku Kenya nzima. Usiku mmoja. Hapakuwa na cha kujifunza kwa mtandao wala cha kusasisha. Nilikuwa na wino wa plastiki wa miezi mitatu dukani.

Tulihamia mifuko ya kitambaa na aproni. Wino ulikuwa tofauti, ukaukaji tofauti, kitambaa kinakunywa rangi. Mistari myembamba iliyokuwa ikikaa safi kwenye plastiki ikawa inavimba, ikabidi nembo zote zichorwe upya kwa mistari minene. Nilizichora mwenyewe, usiku, na hapo ndipo nilipojifunza kuchora kwa kompyuta. Kwa hiyo siwezi kusema niliyapokea mabadiliko. Nilisukumwa. Wanaosema tuyakumbatie, mimi nauliza: kuna mtu hapa aliyehama akiwa ameshiba?

#17 Mwalimu wa Njoro

Swali zuri sana, Skrini. Nafundisha vijana ubunifu wa kidijitali karibu na Njoro, na naona kitu kinachopingana na nyote kidogo.

Wanafunzi wangu wanahama kila wiki. Wiki hii programu hii, wiki ijayo nyingine. Wameshiba wepesi. Ukiwapa karatasi na penseli wapange ukurasa mmoja wa bei za mbegu kwa mkulima, wanakwama, kwa sababu hakuna kiolezo. Wao wanabadilika bila mizizi, Kalamu ana mizizi bila kubadilika. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na nadhani walimlenga mwanafunzi wangu.

Lakini mfano wa upande wa pili. Mei 2010 mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alieleza njia ya kupanga tovuti moja ijikunje yenyewe kulingana na upana wa skrini. Kabla ya hapo wabunifu wa tovuti walifikiri kwa ukurasa wenye upana uliokwisha kupimwa, kama karatasi. Waliotoka kwenye uchapaji ndio walioumia zaidi, maana walizoea kuamua kila milimita. Hapo jicho la Mzee Brashi lisingetosha. Ilibidi mtu akubali kwamba hatajua ukurasa wake utaonekanaje mkononi mwa msomaji. Hilo ni badiliko la fikra, si la kifaa.

#18 Brashi Kavu, Nakuru

Mwalimu, ukuta nao una upana wake na mlango wa lori una kitasa katikati. Tulijikunja tangu zamani. Lakini nakuelewa.

#19 Pikseli 58, Nakuru

Mwalimu kanigusa. Kazi yangu ya sasa ni vitufe na menyu, na kilichonifunza si Figma, ni Kiswahili. Programu ya chama cha akiba, ramani ya skrini ililetwa kwa Kiingereza, vitufe vimebana. Neno la herufi 4, "Save", linakuwa "Hifadhi", herufi 7. "Thibitisha" ni herufi 10, ikatokea nje ya kitufe. Mwenzangu akasema tupunguze fonti. Nikapeleka simu kwa shangazi yangu sokoni, kuna jua, skrini ina ufa, akaishika mbali na macho akasema haoni kitu. Tukavunja mpangilio wote, vitufe vikashuka kimoja chini ya kingine, upana mzima. Hakuna darasa la mtandaoni lililoniambia hilo. Shangazi ndiye.

#20 Wino Mweusi, Bungoma

Hamjamtaja tembo aliye chumbani mwetu sasa, hii akili mnemba. Tangu 2022 mtu anaandika sentensi, picha inatoka. Mei 2023 Photoshop yenyewe ikaletewa kitu cha kujaza picha kwa maneno. Wiki jana nimeletewa bango la harambee lenye "wanakwaya" wasiojulikana na mtu yeyote kanisani. Wazee walikaa wakiulizana huyu ni wa ukoo gani.

#21 Mulembe Fonti, Kakamega

Kenya tunasema akili unde.

#22 Wino Mweusi, Bungoma

Unde, mnemba, yote inanichukulia kazi.

#23 Nyar Ahero, Kisumu

Si yote. Hiyo harambee ilitaka sura za watu wao. Kijitabu cha mazishi huwezi kuweka marehemu wa kubuni. Nani atamwendea bibi wa miaka 80 Nyando akapige picha ile iliyobandikwa ukutani, yenye doa la moshi, aisafishe bila kumbadilisha mzee sura? Hapo nimetumia hizo programu mpya, na mara mbili zilimpa marehemu meno ambayo hakuwahi kuwa nayo. Familia iliona mara moja. Nilirudi kwa mkono, tabaka kwa tabaka, saa tano.

#24 Kalamu ya Kondele, Kisumu

Wadau, nimerudi. Nilifanya kitu ambacho Nyar Ahero alinichokoza nacho. Jumapili baada ya ibada nilimfuata yule mama, nikamuuliza bila kuzunguka: kwa nini ulichora mwenyewe?

Nilitarajia aseme bei au siku nne. Alicheka kwanza. Kisha akasema: "Mwanangu, wahubiri hubadilika mpaka Jumamosi usiku. Nilikuwa naona haya kukupigia saa nne za usiku na wewe una watoto. Mara ile uliponiambia mabadiliko yanatosha, nilijua nimekuchosha." Akaongeza kwamba rangi zangu anazipenda zaidi na kwamba kwaya ilimuuliza mbona bango halifanani na yale ya siku zote.

Sikuwa na neno. Nilidhani amenihama kwa sababu nimepitwa na wakati.

#25 Skrini ya Busia

Kaka, umefanya ambacho wengi wetu hatufanyi.

#26 Wino Mweusi, Bungoma

Amekupa jibu la adabu. Mama zetu hawawezi kukuambia usoni kwamba 800 ni nyingi. Mimi bado nasema ni mfuko.

#27 Pikseli 58, Nakuru

Na mimi nasema ni simu. Akishaonja uhuru wa kubadilisha mwenyewe saa nne za usiku, hata ukimfanyia bure hatarudi kungoja.

#28 Mwalimu wa Njoro

Inawezekana nyote mko sahihi kwa huyo mama mmoja. Kalamu, umeamua nini?

#29 Kalamu ya Kondele, Kisumu

Kwa sasa ni hivi: nimefungua akaunti ya Canva, hiyo hiyo yake. Nilikesha siku mbili, bando limekwisha mara moja. Nimemtengenezea mpangilio wa kwaya yake: rangi zao, fonti mbili tu, mahali pa picha, mahali pa jina la mhubiri. Vile visivyofaa kuguswa nimevifunga. A na V kwenye jina la kwaya nimezisogeza kwa mkono, Mzee Brashi. Nimemtumia kiungo, jina analibadilisha mwenyewe hata usiku wa manane. Asubuhi analeta faili, nalipitisha Corel, narekebisha rangi, nachapa. Amenilipa 2,500 kwa mpangilio, na kila chapa inakuja kwangu. Kwaya mbili nyingine za mtaa zimeuliza.

Figma nimeifungua pia. Inakwama kwenye hii mashine, lakini haijazima. Sijaamua.

#30 Wino Mweusi, Bungoma

2,500 ni kidogo. Umewapa funguo za duka. Ungetoza kwa mwaka.

#31 Mulembe Fonti, Kakamega

Si kidogo kwa kwaya. Na kwa mwaka atamdai nani, mweka hazina anayebadilika kila Desemba?

#32 Brashi Kavu, Nakuru

Tupia picha ya hilo jina la kwaya hapa niione.

#33 Nyar Ahero, Kisumu

Kabla ya picha, niambie buluu yao umeiweka vipi.

#34 Kalamu ya Kondele, Kisumu

Sayani 100, majenta 90. Kwenye skrini inapendeza sana.

#35 Nyar Ahero, Kisumu

Omera, shusha majenta ifike 65, uchape karatasi moja uitoe nje juani uitazame. Krusedi ni Jumamosi hii au ijayo?

#36 Kalamu ya Kondele, Kisumu

Hii. Nashuka kuwasha mashine.